Chiriku na Jiwe la Kimya

Zamani ndege walikuwa na monasteri ambamo kuimba kulikuwa marufuku. Watawa walinong'ona tu, kwa heshima ya jiwe la waasisi, lenye maandishi yasiyoeleweka na yeyote.

Chiriku, mtawa msomi, alizeeka akiyachunguza. Asubuhi moja alimwendea Abati Korongo, mkuu wa monasteri, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu.

"Baba, nimeyasoma. Kila baada ya mistari michache, mstari uleule unarudi. Ni kiitikio. Huu ni wimbo!"

"Ukithubutu kuuimba, utafunga virago leo hii."

"Basi nitaondoka nikiwa nimeimba, Baba."

Akasimama mbele ya jiwe, akapaza sauti: "Enyi wanetu, tumeimba hadi tumechoka, sasa ni zamu yenu, pokeeni!"

Kisha Njiwa akaitikia, Kurumbiza akafuata, na watawa wote wakapokea hadi kuta zikatetemeka.

Chiriku akachukua virago vyake. Korongo akamzuia mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Unakwenda wapi, na ubeti wa pili hatujausikia?"

Tangu siku hiyo kiitikio huongozwa na Korongo, mwenye sauti mbovu kuliko wote, na hakuna anayemwambia anyamaze.