Kitenzi cha Bibi Gwak

Bibi Gwak Bok-rye, mwenye miaka sabini na minane, alikataa kurudi nyumbani mpaka aelezwe tena kitenzi kile.

“Leave,” alirudia Mwalimu Seo, mstaafu aliyefundisha Kiingereza kwenye kituo cha wazee pale Yeongju. “Ni kuondoka. Unaondoka nyumbani, unaondoka kituoni.”

“Na nikiuacha mwavuli kwenye benchi?”

“Hicho hicho. Sisi Wakorea tuna vitenzi viwili, kuondoka na kuacha. Wao wanatumia kimoja.”

“Na mtu?”

“Hata mtu. Lakini Bibi, hicho si chako. Wewe unahitaji lose, kupoteza.”

Mji mzima ulijua kwa nini. Mwaka 1974, siku ya gulio, mwanawe Dong-su, mtoto wa miaka minne, alichomoka mkononi mwake kwenye umati wa stesheni ya treni. Hakuonekana tena. Binti yake, Gyeong-ran, alikua akibandika picha ya mdogo wake kwenye kila nguzo. Hakuolewa wala kuhama, asije Dong-su akarudi akakuta mlango umefungwa. Mwaka huu kipimo cha vinasaba kilimpata Marekani, alikolelewa na wazazi wengine. Angefika Jumamosi.

“Mama, mkalimani yupo,” Gyeong-ran alimwambia jioni ile, akimkuta bado na daftari. “Unajitesea nini?”

“Hili nitalisema mwenyewe.”

Jumamosi walipika supu ya mwani, ile ya siku ya kuzaliwa, maana zilimpita arobaini na tano. Mwanamume mwenye mvi akavua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti mbele ya mama yake. Naye alikuwa amekariri sentensi moja, ya Kikorea. Aliitamka polepole, akimtazama usoni.

“Mama, mimi sikupotea.”

Gyeong-ran alicheka huku machozi yakimtoka. “Anasema nyumba ameiona bila shida, masikini. Kikorea kinampiga chenga.”

Mama yake hakucheka. Alimshika mwanawe mikono yote miwili, akamwambia kwa Kiingereza, bila kukosea kitenzi:

“Nilikuacha.”