Kiota Chini ya Paa

Juu ya ngazi, mke wa fundi mwashi alipapasa chini ya paa akitafuta tundu lenye kiota cha bundi. Vidole vyake vilizama kwenye saruji mbichi.

Mkono wake wa pili ulikuwa na kinda aliyemwokota asubuhi hiyo chini ya ukuta. Alikuwa amemfunika kwa taulo la mwanawe, lile alilolificha baada ya mazishi, mashangazi walipokuja kukusanya vinguo vya marehemu.

Alitazama chini. Mumewe alikuwa ameishikilia ngazi, saruji imemganda kwenye kucha.

"Umeziba wewe?"

"Shuka, mama wa..." Fundi alimeza lililobaki. "Yule bundi alilia usiku kucha, na kulipokucha hatuna mtoto. Nilitaka anyamaze, basi."

"Mwanetu kaondoka na homa, baba. Si ndege."

"Najua. Homa sikujua niizibie wapi."

Nyuma ya saruji kitu kilikwaruza kwa unyonge, kikatulia, kikakwaruza tena. Kinda aliinua kichwa, akalia.

"Mama yake yumo humu," mwanamke alisema. "Nipe tindo. Upesi!"

Fundi alikimbilia mkoba wake wa kazi, akaumwaga wote chini, akarudi na tindo na nyundo. Alipanda hadi miguuni pa mkewe. Wote wawili wakatega sikio, wajue pa kugonga.

Kinda aliita. Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri kujibiwa, akaita tena.