Nguchiro na Saa ya Bure

Zamani, si mbali sana, wanyama walipokuwa na chuo chao, kati ya kipindi na kipindi ilikuwapo saa moja ya bure. Nguchiro alitaka kuisomea peke yake, maana akifeli angerudishwa nyumbani. Pimbi, mzito wa kuelewa, hakumpa nafasi.

"Dada, nieleweshe tena habari za mizizi."

"Pimbi wewe, kupe wa saa zangu."

Kila siku Nguchiro alimweleza huku amenuna. Somo la nyoka akajifungia nalo shimoni.

Mtihani ulipokuja, maswali ya mizizi Nguchiro aliyapata yote. Kwenye somo la nyoka, yeye mla nyoka, akafeli. Akapewa wiki moja arudie.

Akamfuata Pimbi. "Kaka, niulize habari za nyoka."

"Nikuulize mimi, kupe?"

"Wewe. Uliza mpaka nichoke."

Akafaulu. Leo chuo kimekwisha na Pimbi yuko mbali; Nguchiro ana saa za bure tele, nazo zinamlemea. Angeutoa mkia wake ampe Pimbi, ambaye hana, mradi aje amsumbue tena saa moja tu.