Salamu ya Bombani

"Mama, kuna kitu humu ndani kinachokutekenya ukikishika?" aliniuliza mkaguzi wa umeme, bisibisi yake ya kupimia ikiwa sikioni kama penseli ya seremala.

Tangu tumzike mume wangu, kila alfajiri nikishika bomba la bafuni kabla ya sala, vidole vyangu vilifinywa kidogo, polepole, kama alivyokuwa akinifinya yeye akitaka niamke. Mungu nilimshukuru. Binadamu sikumwambia.

"Hakuna, mwanangu."

"Basi nyumba yenu ni nzima kuliko mimi," akacheka, akaanza kufunga mkoba.

Hapo mkwe wangu akapita na mjukuu mkononi, uchi wa mnyama. "Mama, huyu kajikojolea tena. Namwogesha pale pale bombani."

Miguu ya mtoto ilikuwa inachuruzika.

"Simama hapo hapo!" Sauti ilinitoka kubwa. "Mwanangu, njoo upime bomba."

Aligusisha ncha ya bisibisi. Kitaa kilichomo ndani ya mpini kikawaka chekundu, taratibu, kama kaa lililopulizwa chini ya majivu. Akanitazama.

"Waya wa kupeleka umeme ardhini umekatika. Hili linaua, Mama."

Alizima swichi kuu. Friji ikanyamaza, na nyumba nzima ikatulia kama inayosikiliza mtu.

"Sasa halina kitu. Shika uhakikishe."

"Mtoto aoge kwanza," nikasema, nikauficha mkono wangu ndani ya upindo wa nguo.