Damu ya Kunguni

Damu ya kunguni ilikuwa imewekewa kioo.

Mama Sabuni, aliyepewa jina hilo na majirani kwa kufua hata matambara ya kudekia, alisogeza uso, akaiona michirizi myeusi ukutani, akaruka nyuma.

"Wenye nyumba waliwasaga kwa kidole gumba," alieleza kijana mwongoza wageni. "Tumeiacha kama tulivyoikuta."

"Na watu mnawatoza kiingilio!"

Kijana alicheka peke yake. Ndiye aliyetaka kumwoa bintiye, na leo Mama Sabuni alikuwa amekuja kutoa jibu. Mji wenyewe, na hizo nyumba zake kuukuu zinazotunzwa na serikali, ulikuwa umemtia kinyaa tangu aliposhuka kwenye gari. Sasa wote watatu, pamoja na binti, walikuwa ndani ya nyumba kongwe kuliko zote.

Chumba cha pili kilikuwa na kitanda kimoja cha watu saba. Chini yake walilala mbuzi. Mbuzi walikwisha zamani, lakini harufu yao ilikuwa bado imeng'ang'ania sakafuni. Pembeni palikaa ndoo ya haja, bega kwa bega na chungu cha kupikia. Mama Sabuni alijiziba pua kwa kitambaa.

"Hawa ni babu zako?"

"Hapana, Mama. Mimi mtunzaji tu. Wenyewe walihama."

"Afadhali walikuwa na haya."

"Mama, punguza sauti," bintiye alinong'ona. Tangu asubuhi alikuwa anatafuna kucha.

"Nipunguze nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Marehemu mama yangu alizaliwa kwenye nyumba ya vioo madirishani, aliniambia kwa kinywa chake, na mpaka anakufa hakikulala kikombe kichafu kwake. Hawa walilala na mavi, na mji mzima unaringa nao! Huyo mwanamke aliyepika hapa, mikono alikuwa ananawa kweli?"

Binti alimtazama mchumba wake. Mchumba akaangalia viatu vyake.

"Basi jibu langu lisikieni. Damu yangu siichanganyi na ya mji huu. Hata kwa dawa!"

Binti alianza kulia.

"Kimebaki chumba kimoja, Mama," kijana alisema taratibu. "Tulitaka ukione kabla hujasema."

"Nimeshasema."

Aliingia hata hivyo, asije akaambiwa ameogopa kunguni.

Mlikuwa na picha moja tu, imekuzwa ikajaza ukuta: mwanamke kijana, miguu mitupu, mtoto mgongoni, amesimama mbele ya mlango wa nyumba ileile, anacheka.

Picha hiyo Mama Sabuni alikuwa nayo sebuleni kwake, ndani ya fremu ya dhahabu. Ila yake ilikatwa kwa mkasi, ukabaki uso wa mama yake tu.