Chachu za Posa

Siku hizi posa haipokelewi mpaka jeni za chachu za vitumbua za nyumba zote mbili zisomwe. Watu husahau ukoo wao, lakini chachu haisahau: ni kuvu hai, inayorithishwa toka jiko hadi jiko. Chachu zenu zikiwa ndugu, nanyi ni ndugu, na harusi hakuna.

Nilienda kupimwa nikicheka. Mimi wa Tunduru, mchumba wangu Mkiwa wa Pemba. Undugu utokee wapi, mbinguni?

Shangazi Zawena, mpima chachu, akatia kijiko cha kila chachu kwenye mashine. Ukutani ukachipua mti wa mwanga: chachu za Kilwa, za Lamu, za Ngazija, matawi maelfu, na kila tawi ni jiko la mama fulani. Nikasahau hata kupumua. Kisha vitawi viwili vikang'aa, vimeota pamoja kwenye tawi moja.

"Bibi zenu walipika jiko moja," shangazi akanong'ona.

"Mashine hii imelewa," nikasema. "Mkiwa, mwambie basi!"

Mkiwa alikuwa bado anautazama ule mti, machozi yakimlengalenga.

"Lo, ni mzuri mno," akasema, huku akiuachia mkono wangu taratibu. "Au siyo, kaka?"