Jina la Nungunungu Midomoni mwa Wote

Enzi wanyama walipokuwa na maduka yao, Nungunungu aliuza sabuni pale njia panda. Alikuwa mkono wa birika, hata kibao cha duka hakuweka. Siku moja akamwita Hondohondo, mwenye domo lisilochoka.

“Kaka, litaje duka langu kila uendako.”

“Utanipa japo kipande cha kuogea?”

“Litaje bure tu!”

“Haya, dada. Nitalitaja.”

Siku tatu hazikupita, jina la Nungunungu likawa midomoni mwa kila mnyama. Lakini dukani hakuingia hata panya. Makundi yalifika mlangoni, yakamsalimu kwa bashasha, yakapita. Nungunungu akajinusa makwapa, akahamisha meza, akapanga sabuni upya. Hakuelewa kitu.

Siku ya nne akamzuia Ngiri, aliyekuwa akirudi ananukia vizuri ajabu.

“Shemeji, unanijua?”

“Nani asiyekujua!”

“Mbona basi hamnunui?”

Ngiri akamkodolea macho. “Kumbe na wewe unauza? Hondohondo alituambia: ukitaka sabuni ya Fuko, nenda mpaka dukani kwa Nungunungu, halafu kata kushoto.”